Mishale Inalala Wapi? Uchambuzi wa kisa cha klabu ya upinde ya vijana wilayani Urambo

Mkutano mkuu wa kijiji uliipitisha klabu ya vijana ya kulenga shabaha kwa makofi. Hakuna aliyenyoosha mkono kupinga, na kwenye muhtasari mtendaji akaandika kwamba wajumbe wote wameafiki. Wiki mbili hazijaisha, klabu ikasimamishwa, tena na watu wa kijiji kile kile. Miezi michache baadaye ilifunguliwa upya, na waliokuwa wakali zaidi dhidi yake ndio sasa wanaoilinda. Nimezungumza na pande zote za kisa hiki, na ninakiandika kwa ajili ya walimu, maofisa michezo na watendaji wanaotaka kuwaletea vijana mchezo wenye chombo kinachoweza kutoboa mtu. Majina ya watu na ya kijiji nayaacha.

Kijiji kiko wilayani Urambo, mkoa wa Tabora, upande wa kusini unaoelekea Mto Ugalla. Watu wake wanalima tumbaku na mahindi, wanafuga nyuki kwenye miombo, na miaka ya karibuni wamekuja wafugaji na makundi yao ya ng'ombe. Mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata ni kijana, si mzaliwa wa pale, na anawapenda wanafunzi wake kwa dhati. Alipata pinde sita za mafunzo na mishale ishirini na minne kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa akifundisha mchezo huo Dar es Salaam.

Sababu zake zilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Mpira wa miguu pale shuleni unachukua wavulana wale wale kila mwaka. Wasichana wengi hubaki pembeni wakishika mifuko ya wenzao. Yupo pia mvulana anayetembea kwa fimbo tangu utotoni, ambaye hajawahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote. Katika kulenga shabaha, mwembamba na mnene, msichana na mvulana, husimama mstari mmoja. Mchezo huu umo kwenye michezo ya walemavu ya kimataifa tangu ile ya kwanza, Roma 1960, na kwenye Olimpiki umekuwapo mfululizo tangu 1972. Mlengaji wa Olimpiki hurusha kutoka mita 70 kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la alama kumi lina sentimita 12.2 tu. Haya yote mwalimu aliyaeleza mkutanoni, akaonyesha na picha kwenye simu yake. Watu wakapiga makofi.

Makofi yale yalikuwa ya nani?

Mkutano ulifanyika Machi. Anayeijua Urambo anajua Machi ni mwezi gani: tumbaku inachumwa, inafungwa kwenye vijiti, inapandishwa mabanini, yaani vibanda vya kuikaushia kwa moto, na bani likishawashwa moto haliachwi peke yake usiku wala mchana. Kinamama wengi walikuwa huko, na wanaume wenye mashamba makubwa pia. Waliofika ni wazee wachache, vijana wasio na mashamba, na diwani aliyepita njiani kuelekea kwingine. Diwani alisimama akasema mradi huu utaleta wafadhili kijijini. Nadhani neno hilo liliharibu zaidi ya lilivyosaidia, maana kuanzia hapo walioshangilia walishangilia wafadhili, na waliokuwa na shaka waliona haya kuzuia riziki ya kijiji.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuwepo. Alikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuulizwa. Mwalimu alikuwa amewasalimu wazee wote kwa pamoja, akaenda moja kwa moja kwenye picha. Mzee wa silaha wa kijiji amekaa mbele yako, unazungumzia pinde nusu saa, na humwombi neno! Kwa Unyamwezini huo ni upungufu mkubwa wa heshima, na ulionekana na kila aliyekuwepo.

Upinde kule una kazi yake tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi vilipozidi kwenye maeneo ya Tabora na Shinyanga, Wanyamwezi na Wasukuma walijipanga wenyewe kwa pinde na mishale, na kutoka hapo sungusungu ikasambaa. Mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi kisheria pamoja na mgambo. Mpaka leo, usiku, mwenye upinde njiani ni ama mlinzi ama mtu wa kukamatwa. Hakuna wa tatu.

Jioni ya Jumapili, siku chache baada ya mazoezi ya kwanza, msichana wa kidato cha pili alikuwa anarudi nyumbani na upinde begani. Mwalimu alikuwa amemruhusu kwenda nao ajizoeze kuushika na kuuvuta. Kwenye njia panda akakutana na walinzi wawili. Hawakumgusa. Walimuuliza upinde ni wa nani, akasema wa shule. Wakamuuliza mishale yake iko wapi, akasema iko kwa mwalimu. Wakamsindikiza kwao, wakamkabidhi kwa baba yake, na upinde wakaondoka nao kwenda kwa mtendaji.

Jibu la yule binti ndilo lililozunguka kijiji kizima kesho yake. Mishale iko kwa mwalimu. Kwa mwalimu wapi? Mwalimu amepanga chumba kimoja, mlango una kitasa kibovu, dirisha limezibwa kwa gunia. Mishale ishirini na minne ilikuwa chini ya kitanda. Jumatano yake kinamama walikwenda shuleni kufuta majina ya watoto wao, na mkuu wa shule, ambaye tangu mwanzo alihofia lawama, akaandika barua ya kusimamisha mazoezi.

Hofu zilizokuwa chini ya makofi

Mwalimu alitaka kuitisha mkutano mwingine haraka ili aeleze vizuri zaidi. Ofisa michezo wa wilaya akamshauri asifanye hivyo. Akamwambia aende kwa watu mmoja mmoja, asibebe picha wala upinde, na aulize tu. Huu ndio uamuzi ninaouona mzito kuliko yote katika kisa hiki. Uliwachosha wote wawili, ulichukua msimu mzima wa masoko ya tumbaku, na bila huo hakuna ambacho kingefuata.

Kwa mwenyekiti wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, ambaye wanawe wawili walikuwa wameandikishwa, alikuta maswali mawili. La kwanza ni macho ya watoto. La pili, kila siku ya mazoezi nani mtu mzima atakuwa pale mbali na mwalimu mwenyewe? Mama huyu hakuwa anapinga mchezo. Alisema wazi kwamba angependa binti yake apate kitu cha kushindania. Ila alikuwa ameona mtoto wa jirani akipoteza jicho kwa manati, na hakuna aliyewajibika.

Askari wa wanyamapori wa kijiji alikuwa na lake. Ugalla ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, na tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza mtu kuwa na upinde au mshale ndani ya pori la akiba bila kibali cha maandishi, na katika hifadhi za taifa pia ni kosa kukutwa na silaha za namna hiyo. "Ukimfundisha mtoto kulenga leo," alimwambia mwalimu, "kesho mjomba wake atamtuma kitoweo, na mimi ndiye nitakayemfunga." Alisema hivyo kwa uchungu. Mpwa wake mwenyewe aliwahi kufungwa kwa nyamapori.

Hapa kuna jambo linalonivutia sana. Mpango mkubwa wa upinde mashuleni kule Marekani ulianzia jimbo la Kentucky mwaka 2002, na walioubuni ni idara ya wanyamapori ya jimbo pamoja na idara ya elimu, na mtengeneza pinde mmoja. Kule watu wa wanyamapori walikuwa waasisi, kwa sababu uwindaji wa kibali ni jambo la kawaida na wao walitaka vijana watoke nje ya nyumba. Mwalimu wetu alikuwa amesoma mwongozo wa namna hiyo, na akaamini kwamba ofisi zile zile zitamuunga mkono hapa. Urambo, mtu wa wanyamapori anaona upinde akiwaza mashtaka. Kanuni za usalama za kule zinahamishika bila shida, lakini orodha ya marafiki wa kule haihamishiki.

Viongozi wa dini walitaka tu kujua ni siku gani, na Jumamosi asubuhi ikawatosha wote. Polisi kata alitaka barua. Mkuu wa shule alitaka saini za wazazi, na jina lake lisiwe la kwanza kwenye karatasi. Hayo yalikwisha upesi.

Kwa kamanda mwalimu alikwenda mwisho, na alikwenda vizuri. Alifika asubuhi, akaamkia "Mwangaluka", akakaa kwenye kigoda alichopewa, akasubiri. Mzee alimaliza kukamua ng'ombe kwanza. Kisha akaingia ndani akatoka na upinde wake wa mkole, akamwonyesha jinsi upote, kamba ya upinde, unavyofungwa na unavyolegezwa ukirudi nyumbani ili mti usichoke. Akamwonyesha podo, mfuko wa mishale. Akamwambia: upinde hauui mtu, mshale ndio unaoua, na wewe mishale yako inalala chini ya kitanda. Shida yake haikuwa watoto kujifunza. Vijana wake wa doria wenyewe siku hizi hawajui kulenga, alilalamika. Shida ilikuwa mishale ishirini na minne ndani ya kijiji ambayo yeye, mwenye dhamana ya usiku, hajui iko wapi.

Nilipokusanya majibu ya watu wote hao niliona wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Mama anauliza nani anaweza kusimamisha mshale. Askari wa wanyamapori anauliza mshale unaweza kufika wapi. Kamanda anauliza unalala wapi. Hakuna aliyeuliza faida za mchezo, na faida ndizo mwalimu alizozieleza kwa nusu saa.

Kilichojengwa

Klabu iliyofunguliwa upya haikuwa ile ya Machi. Kila hofu ilipewa kifaa chake na mtu wake.

Kwanza mahali. Wakahama kutoka uwanja wa mpira, ambao una njia ya watu nyuma ya goli, wakaenda kwenye kipande cha ardhi ya kijiji chenye kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu aliyesimama juu ya baiskeli. Upinde wa mafunzo wa mtoto una nguvu ya kuvuta ya pauni 10 hadi 20, ni mwepisi, lakini mshale uliorushwa juu juu unaweza kuvuka urefu wote wa uwanja wa mpira. Kwa hiyo shabaha zote, magunia yaliyoshindiliwa majani ya mpunga, zimeegemezwa kwenye kichuguu, na mstari wa kurushia uko mita kumi tu. Vijana walinung'unika kwamba mita kumi ni kitoto. Wabaki hapo hapo. Mita kumi ndiyo umbali wa kuanzia hata huko Kentucky, mpango wa mashuleni ulikoanzia.

Halafu mishale. Ncha zake zilikuwa tayari za mviringo zilizochongoka kidogo, kama ncha ya kalamu, hazina mabawa ya chuma wala ndoano. Askari wa wanyamapori alipewa mmoja aujaribu mwenyewe kwenye gunia, akauvuta, akautazama sana. Waliupaka kila mshale rangi ya chungwa na kuuandika namba, 1 mpaka 24. Na makubaliano yakaandikwa: upinde au mshale wa rangi hiyo ukikutwa nje ya eneo la mazoezi, yeyote kati ya askari huyo na sungusungu anaruhusiwa kuuchukua papo hapo, bila kumuuliza mwalimu.

Sanduku la chuma lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea pale sokoni, lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ni wa mwalimu, wa pili ni wa kamanda. Bila wote wawili halifunguki. Sanduku liko stoo ya shule, na pinde zinalala humo humo. Mwalimu alikiri kwangu kwamba kifungu hiki kilimuuma, maana kuna Jumamosi mazoezi yanachelewa kwa kuwa mzee yuko malishoni. Mimi naona ndicho kifungu kilichoiokoa klabu. Mpaka siku ile sungusungu walikuwa wanaombwa waivumilie. Kwa ufunguo ule wakawa hawana haja ya kuomba wala kuombwa: mazoezi hayaanzi bila wao.

Kinamama walipewa filimbi. Kanuni za filimbi ni zile zinazotumika duniani kote kwenye mchezo huu: mlio mara mbili, walengaji wanasogea mstarini, mara moja, wanarusha, mara tatu, wanakwenda kuchomoa mishale, mara tano au zaidi, kila mtu anaacha alichokuwa anafanya, mshale unatolewa kwenye upote na wote wanarudi nyuma. Mwalimu anapuliza zile tatu za kwanza. Ya mwisho anaweza kuipuliza pia mama yeyote kati ya wawili wanaokaa zamu, na akiipuliza haulizwi kwa nini mpaka kila upinde uko chini. Siku ya kwanza mama mmoja aliipuliza kwa sababu ya mbuzi aliyetokea nyuma ya kichuguu. Vijana walisimama wote. Baadaye yule mwenyekiti wa VICOBA aliniambia kwamba hakuwahi kuona watoto wa sekondari wakitii kwa kasi ile.

Na jicho, ile hofu ya kwanza ya mama, lina kanuni yake ambayo mtu asiyeujua mchezo hawezi kuifikiria. Hatari kubwa si wakati wa kurusha tu, ni wakati wa kuchomoa. Mtoto anavuta mshale kwa nguvu kutoka kwenye gunia, unatoka ghafla, na mkia wake unampiga usoni aliyesimama nyuma. Kwa hiyo wanakwenda wawili wawili, wanatembea bila kukimbia, mmoja anachomoa na mwenzake anasimama pembeni.

Namba 17

Jumamosi moja, muda mfupi baada ya kufunguliwa upya, mishale ilihesabiwa ikawa ishirini na mitatu. Ilikuwa saa sita, jua kali, watoto wana njaa. Kamanda alikuwa amekwishafika na ufunguo wake. Akahesabu mwenyewe, akataja namba moja moja, akasema kumi na saba haipo, na hataweka kufuli kwenye sanduku lenye mishale ishirini na mitatu.

Mshale mwepesi ukikosa shabaha chini, huteleza ndani ya nyasi sambamba na ardhi na kutoweka kabisa. Walianza kutafuta mstari mmoja, bega kwa bega, kuzunguka kichuguu. Wakarudi. Wakaanza upya. Saa nane kinamama wa zamu wakatuma mtu nyumbani kusema kwamba ugali wapike wengine. Saa tisa wazazi wawili waliokuja kuuliza watoto wao wako wapi waliingia mstarini nao wakainama. Aliyeuona ni yule mvulana wa fimbo. Alikuwa anasukasuka nyasi kwa ncha ya fimbo yake hatua kwa hatua, na fimbo ikagonga. Mshale ulikuwa umelala chini ya nyasi, hatua nane kushoto kwa gunia la mwisho, manyoya yake tu ndiyo yakionekana. Kamanda akausoma, akauweka sandukuni, wakafunga.

Usiku ule habari ilifika mpaka vitongoji ambavyo havina mtoto hata mmoja klabuni. Watu walisema: wamekaa na jua hadi alasiri kwa mshale mmoja. Majina yaliyofutwa Machi yakaanza kurudi wiki iliyofuata, mengine yakiletwa na kina baba. Hakuna mkutano ulioitishwa, hakuna aliyehutubia.

Najiuliza ingekuwaje kama mwalimu angenunua mshale wa ziada kimyakimya ili hesabu itimie. Angepata alasiri yake, na angekuwa amepoteza kila kitu.

Yaliyobaki

Si wote wamekubali. Mzee mmoja, ambaye mke wake aliuawa na majambazi zamani, hataki kuona mtoto ameshika upinde, na mjukuu wake hayumo. Mwalimu hajaenda kumshawishi tena na naona amefanya sawa. Uungwaji mkono wa kijiji hauhitaji kila mlango.

Wasichana hupungua Februari hadi Aprili, kwa sababu wao ndio wa kwanza kuitwa mabanini. Klabu haiwezi kutatua hilo peke yake, lakini inaweza kuhamisha mazoezi ya miezi hiyo yawe baada ya masomo siku za kazi, na nimependekeza hivyo.

Mkuu wa shule angali analalamika kwamba mchezo huu hauwaletei pointi za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Ni kweli. Kuna mazungumzo ya kuwapeleka vijana Tabora mjini kwa maonyesho, na hapo ndipo ninapoona shimo: makubaliano yote yanahusu kijiji. Sanduku likipanda basi, nani ana ufunguo wa pili? Barua ya polisi kata inaishia mpaka wa kata yake. Inahitajika barua ya ofisi ya mkuu wa wilaya inayotaja idadi ya pinde, namba za mishale na jina la msindikizaji, na msindikizaji huyo awe ama kamanda ama mmoja wa kinamama wa zamu.

Jambo la pili ni kamanda mwenyewe. Umri umeenda. Makubaliano ya ufunguo yamo kwenye daftari la klabu, hayamo kwenye muhtasari wa kijiji, kwa hiyo akibadilika kamanda mpya hafungwi nayo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa baada ya masoko ya tumbaku, ambao kinamama watahudhuria, uwe na ajenda moja ya klabu: kuandika kwamba ufunguo wa pili ni wa cheo, si wa mtu.